Bastola Ndani ya Boksi la Leland

Ilene Kjeldgaard alikuwa ameshaipita kona aliyoelekezwa. Akageuza gari mbele ya kanisa lisilo na mtu, akarudi polepole, upepo wa Februari ukilisukuma gari ubavuni kana kwamba nao una haraka zake. Hakuwa amewahi kufika Harmon. Miaka yote maonyesho ya silaha ya upande huu wa Nebraska yalifanyika mji mwingine, lakini ukumbi wa kule ulikuwa unaezekwa upya, basi safari hii yakahamishiwa huku, kwenye banda la kunadia ng'ombe. Ng'ombe wenyewe hawakuwepo ila harufu yao ilibaki. Akafungua meza yake ya kukunja, akaweka taa na lenzi, akasimamisha kibao: TATHMINI YA SILAHA ZA ZAMANI, DOLA ISHIRINI.

Alikuwa na miaka sitini na saba. Mumewe alipofariki, watu walidhani atauza vitabu vyao vya bei za silaha akakae na wajukuu. Kumbe siku zote aliyekuwa akizichunguza bastola ni yeye. Marehemu alikuwa akizungumza tu. Alijiwekea sharti moja: hanunui alichokipima. Mtu anayetaja bei kisha akanunua mwenyewe, alisema, ni sawa na refa anayefunga goli.

Kupima hakukumchosha. Zilizomchosha ni nyuso. Watu walimjia na bei waliyoiona mtandaoni, bei ambayo muuzaji anaiomba tu. Yeye akawaambia bei ambayo mtu alilipa kweli, na nyuso zikashuka mbele yake. Hadi mchana alikuwa ameshazishusha nyingi, na hamu ya chakula imemtoka.

Ndipo akaja mzee mmoja mrefu amekumbatia boksi la kadibodi, mkono umeziba mdomo.

"Habari za mchana, mama. Mwenye meza yuko wapi?"

"Umeshamwona."

"Samahani. Mi nilidhani..."

"Wote mnadhani. Kaa."

Jina lake Duane Pospisil, mfanyakazi mstaafu wa ghala la mahindi hapo hapo Harmon. Ndani ya boksi mlikuwa na bastola ya shabaha ya Tolland, kiwanda kilichofungwa zamani na ambacho watu walianza kukipenda kilipokwisha kufa. Ilene aliangalia kwanza utepe wa plastiki ambao walinzi wa mlangoni huifunga kila silaha ili isiweze kulia, kisha akaisogeza chini ya taa. Rangi ya kiwandani ilikuwa nzima. Mtutu safi. Mpini haujabadilishwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi huenda akatoa habari njema. Halafu akageuza boksi akasoma namba ubavuni.

"Mzee, hili si boksi lake."

"Ni lake. Halijatoka kabatini kwangu tangu sina mvi."

"Namba ya bastola inaishia na nne. Ya boksi inaishia na tano."

Duane alisoma, akasoma tena. "Leland," akasema, kama anayetema mbegu.

Leland ni mdogo wake. Baba yao aliwanunulia bastola mbili siku moja, mwaka mahindi yalipokubali. Kila Jumapili walizisafisha pamoja kwenye meza ya mama yao, na Jumapili mojawapo kila mmoja akafungasha ya kwake kwenye boksi la mwenzake.

"Ilivyo hivi, dola elfu moja na mia tatu," Ilene alisema. "Ikiwa na boksi lenye namba yake, wakusanyaji hulipa elfu mbili bila ubishi."

"Meno ya bandia ni elfu mbili." Duane aliteremsha mkono, Ilene akaona mapengo. "Bima yangu haigusi meno. Sijatafuna nyama tangu Julai."

"Basi nenda kwa Leland."

"Afadhali nizikwe na ufizi mtupu."

Ilikuwa habari ya trekta. Leland aliliazima, likarudi ekseli imekatika, Duane akamwita mwizi kanisani watu wakisikia. Tangu hapo hawajasemeshana, na Leland anakaa kaskazini tu hapo, mwendo wa dakika arobaini.

Kwenye meza ya jirani, Gaylen Stroh, mchuuzi wa silaha, alikuwa anakula mkate wake wa mdalasini huku masikio yote mawili yako kwao. "Mzee wangu, elfu moja na mia tatu ninazo hapa hapa, taslimu. Ya nini kumsumbua ndugu yako?"

Duane akamgeukia na boksi lake.

Desturi ya soko inajulikana: mteja akishaegemea meza ya mwingine, wewe unanyamaza. Ilene alikuwa amenyamaza miaka mingi. Safari hii aliona hata kunyamaza ni kazi, na hana nguvu nayo.

"Huyu akishainunua," alimwambia Duane, "jioni atakuwa mlangoni kwa Leland anaomba boksi tupu kwa bei ya bia."

"Ilene! Ndiyo adabu gani hiyo?"

"Nimechoka, Gaylen. Adabu yangu imekwisha tangu saa nne."

Duane alisimama kati ya meza mbili, akiwatazama kwa zamu. Mwishowe akatoa simu, akampigia Leland. Aliiweka sauti juu kwa kuwa hasikii vizuri, hivyo banda zima likasikia.

"Nani?"

"Duane."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Una boksi langu."

"Najua. Nalitazama miaka yote hii. Nilikuwa nangoja uje uliombe."

"Si ungelileta!"

"Uliniita mwizi mbele ya padri. Mwizi gani anarudisha vitu?"

Mtu akacheka meza ya nyuma.

"Ekseli ilikatika, Leland."

"Ilikuwa imeoza kabla sijawasha! Unataka kuiuza bastola ya baba?"

"Nataka meno."

"Huna meno?"

"Yamebaki mawili tu ya mbele."

"Njoo leo. Bonita wangu kapika supu ya maharage, haitaki meno. Na boksi langu ulilete, usije ukaliuza kwa watu huko."

"Nitaona," Duane alisema, akakata.

Akalipa ishirini yake, akafunika boksi. "Akinibadilikia je?"

"Bei yako ya elfu moja na mia tatu iko palepale. Usishuke."

Akatoka. Kupitia mlango mkubwa wa ng'ombe waliliona gari lake limesimama njia panda, ingawa hapakuwa na gari jingine barabarani. Lilikaa. Kisha likakata kaskazini.

"Umenitia hasara ya mia saba," Gaylen alisema.

"Kula mkate wako," Ilene akamjibu, akaisogeza taa karibu. Soko lilikuwa bado na saa tatu za kukaa.