Nondo zangu mwenyewe zilivyomfungia mke wangu ndani ya boti ziwani Nzilo

Wakuu, nawasalimu kutoka Kolwezi.

Mimi ni Mkongo, Kiswahili changu mtanivumilia. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na sehemu moja ya kisa hiki sijawahi kumwambia mtu. Wa kucheka acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Nina atelier ya kuchomelea vyuma hapa Dilala. Kazi yangu kubwa ni antivol, yaani zile nondo za madirishani. Huku kwetu nyumba isiyo na antivol ni kama haina mwenyewe. Mtu anajenga, kabla hata ya kupaka rangi ananiita.

Na niseme bila aibu, kazi yangu ni safi. Wezi wananijua. Mimi nikiona tundu popote mkono unaniwasha.

Basi mwaka huu, kabla mvua hazijashika vizuri, akaja mzee mmoja, Tata Stanis (tata kwetu ni baba). Ni fitter, fundi mitambo mstaafu, mpole sana, ana boti ya tanga ziwani Nzilo.

Najua mnashangaa. Boti ya tanga katikati ya Kongo, kwenye nchi ya shaba? Ndiyo. Zamani kulikuwa na Wazungu waliokuwa wakicheza na boti pale kwenye maji ya bwawa. Wakaondoka, boti zikaoza. Hii moja ilikuwa ya chuma, ndiyo maana ilibaki, na Tata Stanis aliifufua kwa mikono yake.

Sasa design yake ilikuwa ya ajabu, na mnisikilize vizuri hapa maana kisa chote kiko hapa.

Mbele kuna kabini kubwa yenye mlango wake. Katikati kuna kishimo kama beseni, ndimo anakaa mtu wa usukani. Nyuma ya kishimo kuna kabini ndogo, fupi, ya kulala mtu mmoja au wawili. Hiyo ya nyuma haina mlango. Unaingilia juu, kwenye kifuniko, kama unavyoingia kwenye tangi la maji.

Mzungu mwenye boti naona alichoka kupanda na kushuka mvua ikinyesha. Akaing'oa injini iliyokuwa chini ya kile kishimo, akatoboa ukuta wa kabini ya nyuma, akapata njia ya kutambaa kutoka kabini ya mbele mpaka ya nyuma. Tundu lenyewe mtu mnene analipita kwa shida.

Tata Stanis alikuwa ameibiwa nyavu mara mbili. Akaniambia, "Fundi, unifungie hii boti sawa vile unafungaka nyumba."

Wakuu, mlishampa mlevi funguo za baa?

Nilifunga kila kitu. Madirisha yote ya mviringo nikayawekea nondo. Dirisha moja la nyuma, upande wa kushoto, halikuwa na kioo. Mzee akasema kioo atatafuta, nondo zinatosha kwa sasa.

Kifuniko cha nyuma kilikuwa cha mbao iliyooza. Nikakitupa, nikatengeneza kipya cha bati nene, na komeo na kufuli kwa nje. Juu ya kufuli nikachomelea kofia ya chuma ili mwizi asipate pa kuingiza mtaimbo. Komeo la ndani sikuweka. Nani atafunga kutokea ndani?

Likabaki lile tundu la Mzungu. Mzee alitaka lizibwe, mwizi akiingia mbele asifike nyuma kwenye nyavu. Nikakata bati, nikaingia mule kwenye njia ya chini nikiwa nimelala kifudifudi, na hapo baguettes, vile vijiti vya kuchomelea, zikaniishia. Kilibaki kipande kimoja tu.

Nikalishika lile bati pointi nne, moja kila kona. Kazi ya kushikiza tu, ya kusubiri kuchomelewa vizuri. Kurudi Kolwezi kwa taxi-moto, bodaboda yenu, kufuata baguettes nikaona uvivu. Nikapaka mastic, ule udongo wa kuzibia, pembeni, juu yake rangi. Ukiangalia unasema imechomelewa yote.

Nikamwambia mzee kazi imeisha.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Tata Stanis alifurahi, akatualika mimi na mke wangu, Mama Beni, tutembee ziwani Jumapili baada ya misa. Mke wangu ni mtu wa nchi kavu kabisa. Alisita. Nikamwambia boti hii nimeifunga mimi, hata mchwa hapiti.

Tulipofika akaizunguka, akaangalia nondo, akaangalia kifuniko. Akaniuliza, "Tata Beni, mutu akiwa mu ndani, anatokea wapi?"

Nikacheka. "Mwizi haiko mu ndani, mama. Mwizi iko inje."

Naye akacheka. Nakumbuka mpaka leo alivyocheka.

Tukaenda. Ilikuwa vizuri, upepo mdogo, tukala bukari, ugali wetu, na samaki pale pale kwenye kishimo. Baadaye kichwa kikaanza kumzunguka. Tata Stanis akamfungulia kabini ya nyuma, kuna godoro, akashuka akalala.

Kufuli akaliacha linaning'inia wazi. Ufunguo akaurudisha kwenye mfuko wa kikoti chake, kikoti akakitundika pembeni ya usukani.

Kama saa nane na nusu mchana, ng'ambo ya ziwa kukawa kweusi. Tukaona mvua inatembea juu ya maji kuja kwetu.

"Funga ile ya nyuma!" mzee akapiga kelele. "Mvula inakuya, mama atalowa!"

Nikashusha kifuniko. Boti inayumba, kifuniko kinaruka. Nikasukuma komeo, linateleza na kutoka lenyewe. Kitu cha kulishikilia kilikuwa kimoja tu, kufuli.

Mke wangu akasema kutoka ndani, "Usifunge sana."

"Ni juu ya mvula tu," nikamjibu. Nikabana kufuli.

Klak.

Wakuu, ule mlio bado nausikia.

Upepo ulitangulia mvua. Haukuja kidogo kidogo, ulikuja wote. Boti ikalala upande wa kushoto, tanga likagusa maji, mimi nikajikuta nimening'inia kwenye kamba na miguu hewani. Sufuria, sahani, viatu, kila kitu kikaenda. Mzee akafungua kamba ya tanga, na boti ikaanza kuinuka. Ina uzito wa chuma chini ya tumbo, inajirudisha yenyewe.

Lakini haikurudi sawa. Nyuma ilibaki chini.

Nikachungulia upande wa kushoto. Lile dirisha lisilo na kioo lilikuwa usawa wa maji, kila wimbi linaingia ndani. Antivol inazuia mwizi. Maji inayakaribisha.

Na kwenye nondo niliona vidole vya mke wangu.

"Tata Beni! Maji inaingia! Fungula!"

"Tata Stanis, ufunguo iko wapi?"

"Mu kikoti."

"Na kikoti?"

Mzee aliangalia ziwani tu. Pale kilipokuwa kimetundikwa hapakuwa na kitu.

Sijawahi kuogopa vile. Nilichukua nyundo ya mzee, nikapiga kufuli. Nyundo ikagonga kofia. Nikapiga pembeni, kofia. Nikapiga bawaba, na bawaba nilikuwa nimezichomelea pande zote mbili. Hazikutikisika hata kidogo. Nilipiga huku nalia, na kazi yangu ikanionyesha ilivyo safi.

Waswahili mnasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Sikuwa hata na wa kumlaumu.

Mzee alivua shati, akalala kifudifudi juu ya sitaha, akajaribu kuziba dirisha. Nondo zinamzuia kulisukuma ndani. Akapiga kelele, "Pitia mu ndani! Ku lile tundu!" Halafu akakumbuka. "Ah, lile tuliziba."

Lile tuliziba.

Nikaruka kabini ya mbele. Maji yalikuwa kwenye kifundo cha mguu. Nikaingia kwenye njia ya chini kwa tumbo, giza, nyundo mkononi, mpaka nikagusa bati langu kwa kiganja.

Lilikuwa baridi. Upande wa pili nilimsikia anakohoa.

"Mama Beni, kaa mbali na ukuta!"

"Maji iko mu kifua," akasema. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, na hiyo ndiyo iliniogopesha kuliko kelele. Akaanza kuwataja watoto mmoja mmoja. Nilijua anaaga.

Mara ya kwanza maishani mwangu nilimwomba Mungu kazi yangu iwe mbovu.

Pale chini hakuna nafasi ya kuinua mkono. Nilikuwa napiga kwa kiwiko, nyundo inasogea kama shubiri mbili tu. Kona ya kwanza ikaachia baada ya mapigo mengi, na maji yakanirukia machoni. Ya pili ikafuata haraka. Ya tatu ikagoma. Nilipiga mpaka vidole vikachubuka, nikisema kwa sauti, "Ulishikiza tu, wewe mvivu, ulishikiza tu."

Ikaachia.

Ya nne haikuachia kabisa, ila bati likajikunja lenyewe kwa nguvu ya maji. Mkondo ulinirudisha nyuma kama gunia. Nikashika kitu laini. Ulikuwa mkono wake.

Nikavuta. Akakwama mabegani, nikavuta tena, kitambaa kikachanika, ngozi ikachanika, akapita. Tulitokea kabini ya mbele wote wawili tunatapika maji.

Upepo ulitusukuma mpaka kwenye tope la pwani, boti ikakaa hapo. Wavuvi wawili wakaja na pirogue, mtumbwi wao, wakatutoa. Mmoja alimvika mke wangu koti lake la mvua bila kuuliza chochote. Mungu ambariki alipo.

Tata Stanis alinishika mkono. Akasema, "Fundi, uko na nguvu. Bati ya kuchomelea vile, weye umeivunja!"

Nikainamisha kichwa. Nikaacha aamini ni nguvu.

Leo nimesema, wakuu. Haikuwa nguvu. Kazi zangu zote nzuri kwenye boti ile zilikuwa zinamuua mke wangu, na ile moja ya uongo ndiyo iliyomwachia njia. Sijui niiweke wapi hiyo kichwani. Kama kungekuwa na baguettes nne zaidi, ningekuwa mjane.

Mzee ameniita tena. Kifuniko sasa kina komeo la ndani, kofia nimeikata, na tundu la Mzungu liko wazi. Dirisha limepata kioo.

Nilidhani yameisha.

Mke wangu hakunilaumu hata neno moja. Mabega yakaanza kupona. Siku ya nne nikamkuta chumbani kwa watoto, amesimama mbele ya dirisha. Nondo zile nilizichomelea mwenyewe Beni alipozaliwa, nene kuliko za mteja yeyote. Hapo pembeni, karibu na pazia, ndipo tunawasha mshumaa courant, yaani umeme, ikikatika.

Akaniita. "Tata Beni. Na batoto, banatokea wapi?"

Nilikwenda atelier, nikaleta meule, mashine ya kukatia chuma, nikakata.

Sasa dirisha lile lina antivol yenye bawaba. Linafunguka kwa ndani kwa mkono wa mtoto wetu wa miaka sita, tumemfundisha na anajua. Jirani ananicheka, anasema fundi wa antivol kawafungulia wezi. Namwacha acheke. Wateja wangu wa zamani nawapitia mmoja mmoja, na wengi hawataki kunisikia.

Funzo langu ni dogo. Ukifunga mlango, jihesabu wewe pia, maana siku moja utakuwa ndani.

Mafundi wenzangu mliomo humu, tupeni ujuzi: nyie mnaachaje njia ya kutokea? Na wa kunitukana kwa ule uvivu anitukane, nimeukubali.

Ila kabla hujaandika comment, inuka kwanza. Nenda chumba wanacholala watoto wako, shika zile nondo, ujiulize swali la mke wangu.