Safari ya Kumnunulia Mama Nyumba ya Magurudumu

Safari hii ilizaliwa na kiapo cha mama yangu. Tangu tulipotoka Unguja, Bi Zuwena alikuwa akihamishwa nyumba baada ya nyumba hapa Dubai. Mwenye nyumba huyu anaoza mwana, yule anataka ghala, yule hata sababu hakutoa. Siku tulipotua mizigo katika chumba cha mwisho, kwenye kichochoro cha nyuma ya soko la Deira, mama alikaa juu ya bweta lake, akanyanyua kidole na kusema, "Wallahi mie sihami tena. Anayetaka kunihamisha alete jeneza." Na mama yangu akishaapa, ameapa.

Basi mwaka wa sabini, milango ya Omani ilipofunguliwa na watu wetu wenye asili ya huko wakaanza kurudi makundi kwa makundi, sisi tukakwama. Mdogo wake, Bi Raya, alikuwa keshafika Bawshar, nje ya Maskati, na hawajaonana tangu tulipotawanyika kila mtu na njia yake. Kila zikija salamu mama analia. Nikimwambia, "Basi twende," anafuta machozi na kujibu, "Nimeapa, Hemedi." Roho ilikuwa ikiniuma kumtazama. Hapo ndipo jamaa mmoja aliyetoka Maskati akanieleza kwamba huko Ansab kuna Mzungu anauza basi kubwa alilolifanya nyumba, lina vitanda, jiko na choo. Nikajiambia, mtu asiyetaka kuhama nyumba mletee nyumba inayohama yenyewe. Niliiona akili kubwa sana ile, na hakuna aliyenizuia kwa sababu sikumwambia mtu. Mimi maishani mwangu nilikuwa sijanunua hata baiskeli.

Alfajiri nilipanda landrova ya abiria, katikati ya magunia ya vitunguu na mbuzi wawili waliokuwa na nafasi nzuri kuliko mimi. Tukapita Buraimi, tukaingia bonde la Jizi. Ile si njia, ni mawe yaliyokubaliana kulala pamoja. Kila gari liliporuka, mbuzi mmoja alinitazama kama aliyekuja kwa ushauri wangu.

Suhar tulipumzika kwa mzee mmoja aliyetukaribisha tende na kahawa. Akaniuliza kwa Kiarabu nnakwenda kununua nini.

"Nyumba," nikamwambia.

"Mashallah. Utahamia Maskati?"

"La, naichukua Dubai."

"Utaichukua vipi?"

"N'taiendesha."

Mzee akaweka birika chini taratibu, akageukia ndani na kumwita mkewe, "Lete maziwa ya mgando na kitambaa cha maji. Mtoto wa watu kapigwa na jua." Nikawekwa kivulini kwa nguvu mpaka landrova ilipopiga honi.

Bawshar niliingia jioni. Bi Raya aliponiona alinikumbatia, akalia, akanisukuma anitazame, akalia tena. "Yuko wapi dada yangu?" Nikamweleza habari za kiapo, kisha nikamweleza habari za basi. Mumewe, Baba Mdogo Seifu, mtu wa tasbihi na maneno machache, alicheka mpaka tasbihi ikamponyoka. Lakini Mama Mdogo hakucheka. Alisema, "Kesho nnakwenda na wewe. Wewe huijui nyumba, utauziwa mbuzi kwenye gunia."

Asubuhi tulikwenda Ansab, sisi watatu. Mzungu, jina lake Piet, Mholanzi mwembamba aliyekuwa mpimaji wa ardhi, alikuwa anarudi kwao na alikisema Kiarabu kwa kukirusharusha. Basi lenyewe, subhanallah! Refu kuliko nyumba yetu ya Deira, rangi ya maziwa, na mapazia ya maua madirishani. Ndani lina jiko la mafiga mawili ya gesi, kabati la vikombe ambavyo vimetundikwa visianguke, na kitanda kikubwa ambacho mchana hukunjwa kikawa kochi. Nilikunja na kukunjua kile kitanda mpaka Piet akaniomba niache. Miye nilikuwa tayari kumpa mkono. Mashine? Sikuiuliza. Magurudumu? Niliyaona yapo.

"Nyumba njema si mlango," akasema Mama Mdogo, akajifunga leso kiunoni na kuingia.

Akaikagua kama tunavyokagua nyumba zetu. Alibisha kuta, akanusa kabati, akauliza jirani ni nani. Piet akasema hana jirani. "Vizuri," akasema Mama Mdogo. Akafungua choo. Akatazama choo, akatazama jua, akatazama choo.

"Kibla wapi?"

Baba Mdogo akaonesha magharibi.

"Astaghfirullah! Anayekaa hapa anaelekea kibla kabisa, na chooni ni haramu! Dada yangu hakai nyumba hii."

Nikamfasiria Piet. Mtu huyu alikuwa amekaa Omani muda mrefu, hakushangaa. Aliingia kitini, akawasha mashine, na basi likaanza kuzunguka uwanjani. Likazunguka, likazunguka, vumbi likapanda, mpaka Mama Mdogo akapiga kelele dirishani, "Hapo hapo!" Choo kikakaa sawa. Lakini sasa mlango ukawa unaelekea njia wanayopita wanaume kwenda mashambani. "Mama mzima ataingia na kutoka mbele ya wapita njia? Geuza." Piet akazunguka tena uwanja mzima. Mlango ukawa sawa, choo kikarudi kibla.

"Bibi," Piet akasema huku anajifuta jasho, "hili ni gari. Likienda, kila kitu kinageuka."

Mama Mdogo akakitazama choo tena. Lile neno lilikuwa bado halijamwingia. "Yaani mtu yumo chooni, na kibla kinamzunguka?"

Wote tukamtazama Baba Mdogo. Alivuta tasbihi kidogo, akasema, "Likiwa linakwenda, hapana ruhusa kuingia. Lisimame, ligeuzwe, mtu ndio aingie." Tukashukuru, shauri likaisha.

Lakini Mama Mdogo alikuwa na jambo jengine. "We Mzungu, mbona unazunguka kama ngamia wa kinu? Si urudi nyuma kidogo tu?"

Piet akawa mwekundu. Akaangalia viatu vyake. Ikabidi aseme kweli, kwamba giya ya nyuma ilikufa zamani, na fundi wa kuitengeneza hapatikani huku. Kumbe kama si choo, ningalilichukua hivyo hivyo na kujua mbele ya safari. Nikasema basi, tuache, turudi nyumbani.

"Hebu ngoja," Mama Mdogo akasema, na macho yake yakang'aa. "Halirudi nyuma kabisa?"

"Kabisa, bibi."

"Hemedi, nunua. Nyumba inayokwenda mbele tu ndiyo ya dada yangu. Ikirudi nyuma atairudisha Dubai siku ya pili."

Piet akapunguza bei kwa aibu, nami nikawa mwenye nyumba.

Tukarudi Dubai, mimi kwenye usukani, kwani pikapu ya tajiri wangu nilikuwa nikiiendesha, Baba Mdogo ubavuni na Mama Mdogo nyuma kama sultani. Safari ilikuwa ndefu kwa sababu ya sheria ya choo. Kila Mama Mdogo alipogonga ukuta, nilitafuta uwanja, nikazunguka, Baba Mdogo akapima jua, akasema "bado," nikazunguka tena. Karibu na Suhar mzee wangu wa kahawa alitoka nje akakuta nyumba nyeupe inazunguka mbele ya mlango wake. Akaketi chini. Nikampungia mkono.

Deira niliingia kichochoro chetu kabla ya kufikiri. Basi nusura lijae kuta kwa kuta, likasimama hatua chache kabla ya mlango wa mama. Watoto wakapanda juu, majirani wakatoka, muuza samaki akanitukana. Mama akatoka na mwiko mkononi kuja kugomba. Mlango wa basi ukafunguka, akateremka Bi Raya.

Sikuwahi kumuona mama yangu akikimbia. Hatua zenyewe zilikuwa tatu tu, lakini alikimbia. Walishikana, mwiko ukaanguka. Hata muuza samaki aliacha matusi.

Wakaingia ndani ya basi, wakakaa kwenye kochi, wakanywa kahawa na kuulizana habari za watu mmoja mmoja, walio hai na waliokufa. Nikangoja mama alainike. Halafu nikamwambia, "Mama, nyumba hii ni yako. Hakuna wa kukutoa. Twende Bawshar."

Akatazama mapazia, akagusa vikombe. Kisha akatikisa kichwa, macho yamejaa maji. "Nzuri, mwanangu, Mungu akuweke. Lakini nimeapa kwa Mungu. Sihami."

Nilihisi kama niliyebebeshwa basi lile kichwani. Mapenzi yote yale, vumbi lote lile! Baba Mdogo akainamisha uso. Bi Raya peke yake alikuwa mtulivu. Aliweka kikombe chake, akasimama na kuvaa buibui lake.

"Haya dada, sisi tunaaga. Njia ndefu."

"Mara hii?"

"Ndio. Hata kunisindikiza hunisindikizi?"

Mama akamtazama mdogo wake. Mgeni wetu hatoki mlangoni peke yake, hilo hata mtoto analijua. Akashuka, akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa na buibui, msala, sufuria yake ya wali, na bweta lake kichwani mwa jirani.

"Na bweta la nini, Bi Zuwena?" jirani akauliza.

"We, mtu humsindikiza mgeni mikono mitupu?"

Tulitoka kwa mbele, baada ya majirani kutuondolea uzio wa makuti mwisho wa kichochoro. Kwenye pembe nikapunguza mwendo na kumtazama mama kwenye kioo. "Mbele kidogo," akasema. Buraimi akasema, "Mbele kidogo." Bondeni alikuwa amelala begani kwa mdogo wake.

Niliyojifunza katika safari hii ni haya: ukinunua nyumba ya magurudumu, izungushe kwanza. Na mama usimhamishe, muombe akusindikize. Basi limesimama Bawshar chini ya mitende, choo sawa, mlango sawa. Mama anapika humo, anapokea wageni humo, kapanda na mrehani mlangoni. Juzi mwanamke wa jirani alimuuliza, "Bi Zuwena, ndio mshahamia moja kwa moja?"

"Nani kahama?" mama akasema, anamwagia mrehani maji. "Mie nnamsindikiza Raya."