Vifaranga wa Perege Waliopanda Mlima

Enzi zetu pale Mhezi, siku za Mwingereza, mtoto wa mlimani alimjua samaki kwa picha ya kitabuni tu. Sisi chakula chetu kilikuwa makande na ndizi, na wazee wengine walimwita samaki nyoka wa majini. Kwa hiyo Mwalimu Eliamani, aliyetufundisha darasa la tatu, alipotangaza kwamba tutashuka tambarare kuona mabwawa ya serikali ya kuzalishia samaki, mama alinikatalia. Mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani kumsihi mpaka akalegea.

Tulishuka alfajiri, tukaacha ukungu juu, joto la Same likatupokea. Msimamizi wa mabwawa, aliyeitwa Bwana Samaki, alikuwa Mpare mwenzetu, suruali kaikunja hadi magotini. Nilidhani angetufokea kama watu wa serikali wa siku zile. Badala yake aliingia majini, akakamata perege jike kwa mikono miwili, akamfungua kinywa taratibu. Wakamwagika vifaranga, wadogo kama punje za mtama.

“Huyu hali mpaka wanawe waweze kujitegemea,” alisema. 

Akatupatia debe la vifaranga kwa ajili ya ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Alituonya kwamba maji yakitulia watakosa hewa, basi tuyatikise njia nzima. Tulilining'iniza debe kwenye mti mrefu wa kubebea mabegani, tukapokezana wawili wawili. Katikati ya mlima rafiki yangu Namkunda alichungulia, akaona baadhi wameelea tumbo juu. Akaanza kulia. Mwalimu akatupeleka kijitoni, tukapunguza yale maji yaliyopata moto. Namkunda akachota mapya kwa kata, akawa anayamimina kidogo kidogo kutoka juu, machozi yakimtiririka, mpaka waliobaki wakaanza kuchezacheza.

“Twendeni,” mwalimu akasema. “Hawa wanataka kufika.”

Jioni tuliwatia ndivani. Mwaka uliofuata mama alionja mkia wa perege, akatafuna muda mrefu, kisha akasema: “Kumbe tulikuwa tunajinyima.”

Siku hizi wajukuu wangu hupelekwa ziara kwa basi lenye mapazia, wakarudi wamesinzia. Nikiwauliza wameona nini, wananionyesha simu iliyojaa sura zao wenyewe. Sisi hatukurudi na picha hata moja. Tulirudi na mabega yaliyochubuka, tukawakuta watu wa Mhezi wamejipanga kando ya ndiva, wakubwa kwa wadogo, wanasubiri kuona tumewaletea nini.