Mpwa Wangu na Chupa Zake za Seli

Mpwa wangu ni mtafiti wa figo. Watu wakisikia hivyo hunivuta pembeni wanionyeshe mgongo unapowauma, nami huwaambia yule hatibu mtu, analea seli. Ni chembe za mwili, ndogo mno. Huzifuga kwenye chupa bapa ndani ya kabati la joto, na siku ya kuzibadilishia maji ya lishe haina harusi wala msiba. Hata mdogo wake wa kiume alipooa, yeye aliondoka keki haijakatwa.

"Mwacheni, anakwenda kunyonyesha," bwana harusi akasema, ukumbi mzima ukacheka.

Baba yao, shemeji yangu, alikuwa fundi saa. Hii niliyovaa aliitengeneza yeye, mpaka leo inatembea. Aliuawa na figo zilizojaa vifuko vya maji, ugonjwa wa kurithi. Huyu humpata, yule humruka. Ndiyo maana binti akashika masomo hayo. Miaka ikapita, figo za mdogo wake nazo zikachoka, akawa mtu wa mashine ya kusafisha damu.

"Utachukua moja yangu," dada mtu akamwambia.

"Yako? Si itanigombeza usiku kucha!"

Lakini macho yalimng'aa, niliyaona.

Mpwa wangu hakuwahi kuumwa, basi akajihesabu kuwa ugonjwa umemruka. Hata maabarani, alipotaka seli za mtu asiye mgonjwa za kulinganisha na za wagonjwa, alichukua zake, kutoka kwenye mkojo wake. Ndiyo, mkojo, hata mimi nilishangaa. Akazipanda zote kwenye kitu kama jeli. Zisizo na ugonjwa hujipanga zikawa mirija. Zenye ugonjwa huvimba.

Zikavimba zote. Akadhani amechanganya chupa, akarudia taratibu. Siku ya kuzitazama tena nilikuwa nimempelekea chakula. Aliinamia darubini mpaka chakula kikapoa.

"Mjomba, hebu chungulia. Unaona nini?"

"Mapovu."

"Ni yangu hayo."

Akapigwa picha ya tumbo, nayo ikasema vilevile. Figo ya kutoa hana. Njiani kwenda hospitali hakujililia mwenyewe hata kidogo. Alirudia neno moja tu: "Nilimwahidi, Mjomba. Nilimwahidi."

Tulimkuta mdogo wake kwenye mashine. Dada akamweleza yote, bila kuzunguka. Kijana akautazama mrija wa damu yake. Kisha akanyoosha mkono usio na sindano, akamshika dada yake.

"Pole, Dada. Kumbe tuko wawili."

"Tuko wawili."

"Na mimi nilishaanza kuizoea hiyo figo yako." Akapangusa macho. "Leo si siku ya kunyonyesha?"

"Ndiyo leo."

"Sasa umekaa nini? Watoto watalia."

Mpwa wangu akavuta kiti karibu na mashine, akavua viatu.

"Walie," akasema.