Keki Nne Zisizo Zake

Saa kumi na moja alfajiri, mjini Heredia, Auxiliadora Picado anakaanga wali wa jana na maharage meusi. Kwao Chinandega, ng'ambo ya mpaka huko Nikaragua, watu hupika mekundu, lakini jiko hili si lake.

"Mekundu kayale kwenu," Bi Ofelia, mwenye nyumba, ajuza wa miaka themanini na moja, anamtania akiwa sebuleni kwenye kiti chake cha magurudumu.

Huu ni mwaka wa tano Auxiliadora, mwenye miaka thelathini na sita, anamwogesha na kumvisha bibi huyu, kwa mshahara wa koloni, fedha ya huko, laki mbili na nusu kwa mwezi. Karibu muda wote huo ameitwa Melba.

Melba ni dada yake, na ndiye aliyekuwa na kibali cha kazi. Aliporudi nyumbani kumuuguza mama yao, alimwachia mdogo wake kitambulisho.

"Tunafanana. Afisa gani atakaa kuchunguza nyusi?" anasema Auxiliadora. Wengi wetu tuliovuka mpaka ule tunaijua njia hiyo, ingawa mbele za watu tunajifanya hatuijui.

Kuwadanganya maafisa hakukumnyima usingizi. Kilichomtesa ni keki. Kila tarehe kumi na nne Machi, siku ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho kile, Bi Ofelia alimwokea keki ya maziwa kwa mikono yake inayotetemeka.

"Miaka minne nimezima mishumaa ya dada yangu," anasema, macho sakafuni. "Natabasamu, nakula, naomba na kipande cha pili. Nikikumbuka, najionea aibu."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, ila yake ilirefuka mpaka alipoamua kuomba kibali chake mwenyewe. Alihitaji barua ya mwajiri, yenye jina lililo kwenye pasipoti yake. Fomu ilikaa wiki tatu mfukoni mwa aproni. Machi ikafika, keki ikaletwa, naye akashindwa kupuliza.

"Zima, mwanangu, nta inaingia kwenye keki," Bi Ofelia alimhimiza.

Akamwambia yote palepale, mishumaa ikiwaka.

"Habari za kibali hakuuliza. Aliuliza, 'Kwa hiyo nilikuwa nampikia nani?' Nilitamani ardhi ipasuke."

Siku mbili Bi Ofelia hakumsemesha, hata alipokuwa akiogeshwa. Siku ya tatu aliomba kalamu. Kuandika barua kulimchukua asubuhi nzima.

"Keki nyingine sioki," alisema akimkabidhi, "mpaka nione kitambulisho chenye jina lako."

Ofisi ya uhamiaji imempangia miadi mwezi Julai. Auxiliadora alizaliwa tarehe tisa Agosti, na anaomba kibali kitoke kabla ya siku hiyo.

"Sijui kama nastahili keki," anasema. "Lakini mishumaa yangu ningependa kuizima."

"Auxiliadora," inaita sauti kutoka sebuleni.

Anaendelea kugeuza wali. Mpaka sauti iite mara ya pili ndipo anashtuka kwamba anayeitwa ni yeye.

"Abee, bibi."