Makala ya Marehemu Fermín

Mimi ndiye ninayewasha tanuru katika maabara ya Daktari Eulalia Bracamontes hapa San Luis Potosí, na mdomo wangu haujui kuficha. Eulalia ni mkemia wa udongo. Anauchoma mpaka uweze kunyonya sumu kwenye maji ya visima, na kazi hiyo aliianza na mumewe, Fermín Urrutia. Wawili hao walibishana humu kutwa nzima, kisha wakala gordita, vimikate vya mahindi, sahani moja.

Wataalamu wana desturi yao. Mwenzako akiwa bado anaandika makala, unaruhusiwa kuitaja kwenye yako, ukiongeza neno moja tu: inaandaliwa. Ni kumwekea mtu kiti mezani kabla hajafika. Eulalia alimwekea Fermín kiti hicho, Fermín akafa hajaandika hata mstari.

Alipaswa kuifuta kwenye orodha yake. Hakuweza, maskini, uchungu ulimzidi. Na wenzake huko duniani, wavivu wale, hunakili orodha za marejeo bila kusoma. Mmoja akanakili, wa pili akaongeza mwaka, wa tatu kurasa, wa nne akaliweka jina la Eulalia kando ya la mumewe. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Hii ilifika mpaka Chile! Makala isiyokuwepo ikawa inanukuliwa kuliko zote alizoandika Eulalia kwa jasho lake.

Mwaka huu chuo kikaamua kufunga maabara ambazo kazi zake hazinukuliwi vya kutosha. Bila ile ya Fermín, yetu ilikuwa imekwisha.

"Leteni nakala," alisema Gandarilla, mkuu wa kamati ya chuo, tulipoitwa kikaoni, kijana mwenye kiburi cha kupanda ngazi upesi. "Mbona maktaba nzima haina? Au mmeila na pilipili?"

"Ungeila wewe, labda ungepata akili," nikamjibu. Eulalia akanikanyaga mguu.

Akasimama. Nilijua anataka kusema kweli, na nilimwonea huruma kuliko siku ya mazishi. Kabla hajafungua kinywa, akaingilia mtathmini kutoka Chile, Daktari Rayén Antilef, aliyekuwa akitutazama kwenye skrini.

"Jamani, mnamsumbulia nini mama wa watu? Mimi ninayo. Nimeifuata hatua kwa hatua, na udongo wangu umekubali. Pale anaposema uzime tanuru ukisikia harufu ya mkate uliolowa, nilicheka, lakini ni kweli tupu!"

Maneno hayo ya mkate Fermín aliyasema humu maabarani, mbele ya tanuru, tukiwa sisi watatu tu. Hayakuandikwa popote.

"Uliipata wapi?" Eulalia aliuliza.

"Si mlinitumia wenyewe? Ina anwani ya maabara yenu."

Akaituma palepale, mashine ikaanza kutoa kurasa. Gandarilla alizisoma, akameza mate, akatia sahihi. Maabara ikapona. Eulalia alizikumbatia zile kurasa huku analia.

"Ameandika, Nicanora! Yule mvivu wangu ameandika!"

Nililia naye, sisemi uongo, nikasahau hata kuogopa. Tulirudi kwenye tanuru letu, nikatia atole, uji wetu wa mahindi, vikombeni, naye akawa anasoma taratibu na kutabasamu mpaka ukurasa wa mwisho, kwenye marejeo. Hapo akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Nikachungulia. Rejeo la mwisho lilikuwa: Bracamontes, E., inaandaliwa.

"Shoga, hii mimi sijaiandika."

"Amekuwekea kiti," nikasema bila kufikiri. Yesu wangu, nilitamani niyarudishe maneno kinywani, maana aliyekiweka ni marehemu.

Eulalia aliweka kikombe chini. "Basi nitaiandika mwenyewe, na mapema, nikiwa hai. Hataniharakisha Fermín, hata nikimpenda vipi."

Tangu siku hiyo hatoki mezani. Anakula huku anaandika, namfukuza akalale hataki. Jana asubuhi alikuwa bado kwenye aya za mwanzo, anafuta na kurudia, simu ikalia. Alikuwa Rayén, furaha tele.

"Hongera, mama! Makala yako mpya imenifikia sasa hivi, kutoka anwani ileile ya maabara yenu. Nimeisoma yote, na nimeshainukuu."

Eulalia aliniangalia. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake.