Kioo cha Mwalimu wa Majani ya Nduma

Juzi nilikuwa sokoni Daraja Mbili nikichagua ndizi nilipopigiwa simu: yule mwalimu mstaafu wa sayansi, aliyesimamia chumba cha maonyesho katika makumbusho yetu madogo, ameaga dunia. Niliziacha ndizi nikarudi nyumbani. Imeniuma, sitaficha.

Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua sina subira na makumbusho ambayo mtoto huingia kimya na kutoka kimya. Huku kwetu tunawalea hivyo: ukiwa ugenini, usiguse kitu. Siku niliyozuru, darasa zima kutoka upande wa Nyamira lilisimama mikono nyuma. Mwalimu akakataa kuanza. "Leteni mikono!" akasema, akampa kila mmoja jani bichi la nduma, yaani gimbi, alilochuma asubuhi hiyo, kisha akawatilia tone la maji. Tone likabingirika, jani likabaki kavu. "Aki mwalimu, umelipaka mafuta!" msichana mmoja akalalamika. "Haya basi, lisugue kwa kidole gumba, utie maji tena." Safari hii maji yakang'ang'ania. Hapo ndipo akawaingiza katika sayansi ya nano: juu ya jani kuna vinundu vya nta, vidogo hata jicho halivioni, ndivyo vinavyolibeba tone, na kidole kimeviponda. Jamani, maswali! Walisahau hata chakula chao.

Kamati ya makumbusho haikufurahi. Mwenyekiti alimwambia mbele yangu, "Makumbusho ni kutunza, mwalimu. Wewe kila siku unaharibu." Wakaleta majani ya plastiki, wakayafungia ndani ya kabati la kioo. Watoto wakawa wanatazama, wanapita, wanaenda zao. Mwalimu alivumilia muhula mmoja, kisha akalitoa kabati nje na kuwaambia wanakamati wamfukuze wakitaka. Hawakuthubutu.

Sasa hayupo, na nasikia kabati linarudishwa wiki hii, eti kwa heshima yake. Heshima gani hiyo! Mtoto anayekatazwa kugusa hutoka pale akiamini kwamba sayansi ni mali ya watu wengine, na imani hiyo haitoki kirahisi. Wanakamati, kama kweli mnamheshimu, tafuteni mwalimu mwingine asiyeogopa kuchafuliwa meza. Hicho kioo muuzieni mama wa mandazi pale stendi. Yeye ndiye mwenye sababu ya kuzuia mikono ya watoto.